Pa Kuonja, Kula na Kulala Rasini, na Swali la Bibi

Tangu kitoke kile kipindi tulichozungumzia safari ya Cape Town, ujumbe mnaonitumia ni uleule: dada, tupe orodha. Tukienda huko kwenye mashamba ya mizabibu, tuonje wapi, tule wapi, tulale wapi? Niliahidi kuandika. Nimechelewa, samahanini sana, na sababu ni kwamba orodha yenyewe ilikataa kukaa kama orodha.

Kwanza mjue kwamba sikwenda kutalii. Binamu yangu, binti ya mjomba, alikuwa anaolewa na kijana wa Cape Town aliyekutana naye kazini hapa London, na mimi kama dada mkubwa nikatumwa mbele kukagua mahali pa kufanyia karamu. Binamu alikuwa ameshaona picha: nyumba nyeupe ya Kiholanzi, mialoni mikubwa, milima nyuma, mizabibu imejipanga kama nywele zilizosukwa. Kabla sijaondoka nikampigia bibi, Temeke, kwa video, kumuaga. Akaniuliza ninakwenda kufanya nini. Nikamweleza.

"Kwenye mashamba ya mvinyo? Haya. Na hiyo mizabibu, mwanangu, nani aliilima?"

Nikamjibu kama nilivyosoma kwenye tovuti ya watalii: Waholanzi, bibi, halafu wakaja Wafaransa.

"Mzungu na jembe?" akasema. Akacheka, akaniombea safari njema, akakata.

Kwa hiyo nilipanda ndege na swali lile kichwani. Jambo jingine la kukiri mapema: mimi sinywi. Nimeonja kwa pua na kwa juisi ya zabibu, ambayo mashamba mengi watakupa ukiomba bila kukuangalia vibaya. Mwenzangu wa podikasti, mnayemjua, hana kizuizi hicho na alikuja nami, kwa hiyo maoni yoyote ya ladha humu ni ya kwake.

Tuanze mwanzo. Jan van Riebeeck alitia nanga Rasini Aprili 1652 kwa niaba ya kampuni ya biashara ya Waholanzi, ile iliyojulikana kwa herufi VOC. Hawakuja kuanzisha nchi. Walitaka kituo cha maji, nyama na mboga kwa meli zilizokuwa zinakwenda Asia kufuata viungo, maana mabaharia walikuwa wanakufa kwa kiseyeye njiani. Miche ya mizabibu ililetwa 1655. Na tarehe 2 Februari 1659 van Riebeeck aliandika katika shajara yake, kwa furaha na shukrani, kwamba siku hiyo zabibu za Rasini zimekamuliwa mvinyo kwa mara ya kwanza. Tarehe hiyo utaikuta kwenye chupa, kwenye mabango, kwenye kuta za vyumba vya kuonjea. Watu wa mvinyo wa Afrika Kusini wanaijua kama siku ya kuzaliwa.

Sasa rudi nyuma miezi 11 tu. Machi 1658 meli Amersfoort ilifika Rasini ikiwa na mateka kutoka Angola, wengi wao watoto, walionyang'anywa kwenye meli ya Wareno. Miezi miwili baadaye ikaja Hasselt na wengine kutoka pwani ya Afrika Magharibi. Hao ndio waliokuwa shehena kubwa za kwanza za watumwa katika koloni lile. Tarehe zao hukuti kwenye chupa. Lakini ukiziweka pamoja na ile ya 1659, jibu la bibi linakaribia kujiandika lenyewe.

Niliona tarehe hizo katika Slave Lodge, jengo la katikati ya mji lililojengwa 1679 kuwalaza watumwa wa Kampuni. Leo ni makumbusho, na ushauri wangu wa kwanza kabisa kwa mtu anayetaka kuonja mvinyo ni huu: anzia hapo, asubuhi, kabla ya glasi ya kwanza. Saa mbili zinatosha. Utatoka na hesabu. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu kama 63,000 waliletwa Rasini kama watumwa kati ya 1652 na 1808, na kwa mgawanyo wa karibu robo kwa robo: India, visiwa vya Indonesia, Madagascar, na bara letu, hasa Msumbiji na pwani ya Afrika Mashariki.

Hiyo robo ya mwisho ilinifanya nikae chini. Yaani kwenye benchi, nikakaa.

Sisi tuliozaliwa huku nje tumefundishwa biashara ya utumwa kama jambo la Atlantiki: Ghana, Jamaika, Liverpool. Tukijua zaidi, tunajua ya Unguja na Uarabuni. Ya kusini hatuambiwi. Ila kati ya 1776 na 1778 meli mbili za VOC, De Zon na De Jagtrust, zilipanda hadi pwani ya Waswahili kununua watu, na Unguja zilifika. Kumbukumbu za safari zao zimehifadhiwa na zimechapishwa. Miaka iliyofuata, hadi Waingereza walipopiga marufuku biashara hiyo kwa sheria ya 1807, meli zilizotoka Msumbiji ziliendelea kuleta watu kwa wingi. Rasini waliitwa Masbieker, yaani watu wa Msumbiji, hata kama mtu alizaliwa mbali sana na bandari ile na aliletwa hadi pale kwa miguu. Jina la asili lilifutwa. Kwenye daftari uliandikwa jina la kwanza, halafu bandari: fulani van Mozambiek, fulani van Bengalen, na kwa aliyezaliwa palepale, van de Caab. Wengine walipewa majina ya miezi, inasemekana kwa kufuata mwezi waliofika au walionunuliwa. Ndiyo sababu hadi leo Cape Town imejaa akina Februarie, April, September na October.

Jina la ukoo la shemeji yangu mtarajiwa ni la mwezi. Sitautaja. Nilikuwa nimelitania mbele ya watu, hapa London, kwenye chakula cha kwanza tulichokula pamoja. Alitabasamu tu.

Haya, twende shambani.

Constantia ndiyo ya karibu kuliko zote, iko ndani ya jiji lenyewe, dakika 20 hivi kutoka katikati kama hakuna foleni. Kama una siku moja tu usihangaike kwenda mbali. Simon van der Stel, kamanda na baadaye gavana, alipewa ardhi hiyo 1685. Wanapenda kumweka kwenye picha na wigi lake la mabuyu ya nywele, lakini mama yake, Maria Lievens, alikuwa binti wa mwanamke wa India aliyewahi kuwa mtumwa. Gavana wa koloni la watumwa, mjukuu wa mtumwa, mwenyewe anamiliki watumwa. Sijui niseme nini hapo. Historia ya Bahari ya Hindi iko hivyo, imejaa watu wanaokataa kukaa upande mmoja, na sisi wa pwani tusijifanye tunashangaa.

Alipokufa 1712 shamba likagawanywa. Sehemu yenye nyumba, Groot Constantia, ilinunuliwa na Hendrik Cloete 1778, na chini ya ukoo wa Cloete mvinyo wao mtamu ukawa maarufu Ulaya nzima. Zabibu ziliachwa kwenye mti mpaka zikasinyaa na sukari ikakolea. (Kiswahili chetu hakitofautishi zabibu mbichi na kavu, zote zabibu, na kwa mvinyo huu lugha yetu imepatia.) Napoleon alikuwa akiletewa mvinyo huo alipofungwa St Helena. Jane Austen aliutaja katika Sense and Sensibility, 1811, kama dawa ya moyo uliovunjika. Ghala la mvinyo la 1791 bado limesimama, na juu ya mlango wake kuna michongo ya Anton Anreith yenye watoto wanene wakicheza na zabibu. Mwenzangu alipiga picha kumi. Mimi nilikuwa natafuta majina ya waliozichuma.

Kuwatendea haki, Groot Constantia wanajitahidi: nyumba kuu ni makumbusho, habari za watumwa zimo, na shamba linaendeshwa na taasisi ya udhamini tangu 1993, si la mtu binafsi. Onja huko. Wanaoanisha mvinyo na chokoleti, na hata usipokunywa utafurahia upande wa chokoleti. Kula kwenye Jonkershuis, jengo la zamani pembeni ya nyumba kuu, vyakula vya Kimalay vya Rasini. Jirani, Klein Constantia, ndiko walikoufufua ule mvinyo mtamu baada ya kupotea karibu karne nzima. Mavuno ya kwanza ya Vin de Constance mpya yalikuwa ya 1986. Mwenzangu anasema unaonja kama asali iliyokaa na ganda la chungwa. Alinyamaza dakika nzima baada ya kuonja, jambo ambalo wasikilizaji wetu wanajua si la kawaida.

Lakini kabla hujaingia geti la Klein Constantia, simama. Hapo njiani, kwenye miti, kuna kaburi. Ni la Sheikh Abdurahman Matebe Shah, mtawala kutoka Sumatra aliyeletwa Rasini miaka ya 1660 kama mfungwa wa Waholanzi. Wenyeji wanaliita kramat. Sikia neno hilo vizuri: ni karama, neno lile lile tunalolitumia nyumbani, limezunguka kwa Wamalay likafika kusini. Vua viatu, ingia, soma Fatiha kama ni mtu wa Fatiha. Kuna makaburi ya namna hiyo kuzunguka jiji zima. Jingine kubwa, la Sheikh Yusuf wa Makassar aliyeletwa 1694, liko upande wa Stellenbosch, karibu na mto unaomwaga baharini, na kijiji kizima kimepewa jina Macassar kwa ajili yake.

Stellenbosch kulianzishwa na huyohuyo van der Stel, 1679, akaupa mji jina lake. Ni kilomita 50 hivi kutoka Cape Town. Kama unataka kulala wine country kwa maana ya kuamka unaona mizabibu, lakini pia uweze kutembea kwa miguu kwenda kula, lala hapa, karibu na Dorp Street. Mji mzuri, mifereji ya maji pembeni ya barabara, mialoni kila mahali, na wanafunzi wa chuo kikuu wamejaa. Makumbusho ya mji ni nyumba nne za vipindi tofauti, unatoka moja unaingia nyingine, na kwenye ile ya kwanza kabisa, yenye jiko la wazi na sakafu ya udongo, nilielewa kwa nini ukoloni ulihitaji mikono mingi hivyo. Kila kitu kilibebwa. Maji, kuni, matofali, zabibu, mapipa.

Nilikwenda pia Vergelegen, Somerset West. Shamba hilo alijijengea Willem Adriaan, mtoto wa Simon, kuanzia 1700, akalitumia kujitajirisha mpaka walowezi wenzake wakamshtaki Amsterdam na akaondolewa madarakani 1707. Mikafuri aliyoipanda mbele ya nyumba bado ipo, mikubwa ajabu, unaweza kukaa chini yake ukasahau shida zote. Wanaakiolojia walipochimba mahali palipokuwa na banda la watumwa, chini ya sakafu walikuta mwanamke amezikwa. Vipimo vya mifupa na meno vilionyesha kwamba hakukulia Rasini. Utoto wake aliupitisha katika nchi ya joto, na vyakula vya huko. Jina lake halikuandikwa popote. Nilikaa chini ya mikafuri nikamfikiria huyo. Bibi yangu mzaa mama ana asili ya Kilwa, na kila mtu anajua Kilwa iliuza watu. Sisemi ni ndugu yangu. Lakini sikuweza kunywa hata ile juisi.

Sasa Franschhoek, ambako binamu alikuwa ameona picha zake. Jina maana yake ni kona ya Wafaransa. Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa walipewa ardhi bondeni humo kuanzia 1688, na mashamba mengi yana majina ya Kifaransa hadi leo. Kuna tramu ya kuzungusha waonjaji kati ya mashamba, unashuka unapotaka unapanda nyingine, na kama mko kundi ndiyo njia bora maana hakuna anayelazimika kuendesha. Chakula cha Franschhoek ni cha hali ya juu na bei zake ni za hali ya juu vilevile. Halali ni shida. Piga simu mapema, uliza waziwazi, usione haya.

Kwenye shamba moja, ambalo silitaji, kijana aliyetupokea alisimulia historia kwa dakika kumi. Mababu walifika na Biblia na miche. Mababu walifyeka. Mababu walijenga ghala hili kwa mawe kutoka mtoni. Nikainua mkono kama niko shule nikauliza watumwa wa shamba walilala wapi. Akasema kwa upole kabisa kwamba hapo kwao walikuwa kama familia. Halafu akamimina glasi inayofuata. Hakuwa mtu mbaya, na labda hakuwahi kuulizwa. Jioni ile nikamwandikia binamu: Franschhoek siitaki, na kusema kweli sioni shamba lolote ambalo tunaweza kucheza taarab juu yake.

Mnisamehe nikikaa kidogo hapa kwenye yaliyotokea baada ya utumwa, maana ndiyo sehemu inayorukwa zaidi. Waingereza walipochukua Rasi kwa mara ya pili, 1806, biashara ya kuleta watumwa ilikuwa karibu kufungwa. Lakini 1813 wakapunguza ushuru kwa mvinyo wa Rasini kuingia Uingereza, na ghafla kila mkulima akataka kupanda zaidi. Mahitaji ya mikono yakapanda wakati mlango wa watumwa umefungwa. Suluhisho? Meli za kivita za Uingereza zilikuwa zinakamata meli za watumwa baharini, na waliookolewa, wengi kutoka Msumbiji na Madagascar, wakashushwa Cape Town, wakaitwa huru, kisha wakafungwa mikataba ya uanagenzi ya hadi miaka 14. Huru kwa jina.

Utumwa wenyewe ulifutwa tarehe 1 Desemba 1834, na juu yake ikaongezwa miaka minne ya uanagenzi bila hiari, kwa hiyo uhuru kamili ni Desemba 1838. Fidia ililipwa. Kwa wamiliki. Serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kwa makoloni yake, na deni la mkopo huo lilimalizika kulipwa 2015. Mimi nilianza kazi kabla ya hapo. Kwa hiyo kwenye kodi iliyokatwa kwenye mshahara wangu, mjukuu wa mtu wa Kilwa, kuna senti iliyokwenda kufunga hesabu ya kuwafidia waliowamiliki watu wa Kilwa. Niliisoma mara tatu.

Waliokuwa watumwa hawakupata kitu. Baadhi walikwenda kwenye vijiji vya misheni. Kimojawapo ni Pniel, kilichoanzishwa 1843, ukivuka mlima wa Helshoogte ukitoka Stellenbosch kwenda Franschhoek. Wengi hupita kwa gari bila kusimama kwa sababu wanawahi Boschendal, shamba kubwa la jirani lenye vikapu vya chakula cha kula kwenye majani. Boschendal ni pazuri, sikatai, na watoto watakushukuru. Lakini simama Pniel kwanza. Kuna kanisa jeupe, kuna makumbusho madogo ya kijiji, na watu wa hapo wanasimulia habari za babu zao wenyewe bila kuombwa. Sisi tulilala usiku mbili kwa mama mmoja anayekodisha vyumba, ukifungua dirisha unaona mizabibu ileile wanayoiona wanaolipa mara tano zaidi. Asubuhi akatuwekea mkate, jemu ya tini na maswali mengi kuhusu Tanzania.

Yeye ndiye aliyenieleza dop. Kwa vizazi na vizazi, wafanyakazi wa mashamba walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, mvinyo hafifu, kikombe asubuhi, kikombe saa nne, mchana, jioni, mara kadhaa kwa siku. Ilikuwa njia ya kumweka mtu pale pale: anaamka anaihitaji. Sheria iliupiga marufuku mtindo huo zamani kidogo, lakini mashambani uliendelea hadi miaka ya 1990. Madhara yake yamebaki. Mkoa ule una viwango vya juu kabisa duniani vya watoto wanaozaliwa wameathiriwa na pombe tumboni. Mama yule alisema baba yake alikuwa mtu mpole sana mpaka saa nne asubuhi. Hakuongeza neno.

Ndiyo maana nilitaka mwone na upande mwingine. Franschhoek hiyohiyo kuna Klein Goederust, shamba la Paul Siguqa. Mama yake alifanya kazi ya kibarua kwenye mizabibu kwa miongo mitatu na zaidi. Mtoto akanunua shamba lililochakaa 2019, akalifufua, akalifungua mwisho wa 2021. Unaonja, unakula nyama choma chini ya miti, na muziki si wa kinanda. Stellenbosch nako yuko Ntsiki Biyela, mwanamke wa kwanza mweusi kuwa mtengenezaji mvinyo Afrika Kusini, ambaye chupa zake zinaitwa Aslina kwa heshima ya bibi yake. Mwenzangu amerudi na tatu kwenye sanduku, na moja ilivunjika juu ya kanzu yake nyeupe.

Kuhusu kula, kusema kweli chakula bora cha safari nzima sikukila shambani. Nilikila nyumbani kwa wakwe zetu watarajiwa, Jumapili asubuhi. Koesister: unga uliochachushwa, iliki, binzari tamu, umekaangwa, ukachovywa kwenye shira na kunyunyiziwa nazi. Ni binamu wa mahamri kabisa, na binamu aliyekulia kwenye pesa. Mchana denningvleis, nyama ya kondoo kwa ukwaju, na pembeni bakuli la atjar. Nikasema, hii si achari? Wakasema, ndiyo, atjar. Tukabaki tunaangaliana na kucheka, maana tulianza kuhesabu maneno. Msikiti wa kwanza wa mji wao, Bo-Kaap, wa mwaka 1794, unaitwa Auwal. Awali! Wazee wao waliandika Kiafrikaans kwa herufi za Kiarabu kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili. Mama mkwe akatoa kitabu kidogo cha babu yake kilichofungwa kwenye kitambaa, nikasoma herufi bila kuelewa lugha, yeye akaelewa lugha bila kuweza kusoma herufi.

Hapo nikaona ni wakati mzuri wa kutoa ripoti yangu. Nikasema kwa adabu kwamba nimezunguka, nimesoma, na kwa maoni yangu karamu isifanyike kwenye shamba lolote la mizabibu. Tutafute ukumbi mjini. Nikaeleza kwa nini: watumwa, dop, yote. Nilikuwa nimejiandaa, nadhani hata nilitaja 1813.

Bibi wa bwana harusi, ana miaka 80 na kitu, alikuwa kimya kwenye kiti chake pembeni ya dirisha. Akaniuliza kwa Kiingereza cha taratibu kama nilifika Constantia. Nikasema nimefika. Akasema alizaliwa hapo. Baba yake alilima maua na mboga kwenye kipande chao cha ardhi, akiuza mjini, na babu wa baba yake alizaliwa mtumwa shamba la jirani. Miaka ya 1960, chini ya sheria ya kutenga maeneo kwa rangi, Constantia ikatangazwa kuwa ya Wazungu. Familia zao zikaondolewa, wakapelekwa kwenye mchanga wa Cape Flats. Kaburi la sheikh lilibaki. Nyumba yao ilibomolewa.

"Wewe unataka tusiende kule kwa sababu ya yaliyotupata," akasema. "Mimi nataka kwenda kule kwa sababu ni kwetu."

Nikafunga daftari langu.

Karamu ikafanyika Constantia, Aprili, mwisho wa mavuno, kwenye shamba lililokubali kufunga baa yake siku hiyo na kuruhusu wapishi wetu wa halali. Kabla ya chakula yule bibi aliomba gari limpeleke kwanza mahali fulani, barabara ya pili kushoto, na wajukuu wakamfuata. Hakuna kitu hapo sasa, ni ukuta mrefu wa nyumba ya mtu na geti la umeme. Alituonyesha kwa fimbo mahali kisima kilipokuwa, mahali waridi zilipokuwa. Mlinzi akatoka kuuliza tunatafuta nini. Akamjibu kwa Kiafrikaans, kirefu, na mlinzi akavua kofia.

Jioni nikampigia bibi, nikamzungushia simu aone mialoni, milima, maharusi, mizabibu imeanza kugeuka rangi. Nikamwambia, bibi, lile swali lako, nimepata jibu, nitakuja kukusimulia nikitua Dar.

"Utanisimulia," akasema. "Ila zabibu zenyewe, tamu?"